Tunda Lililokosekana Kwenye Trei ya Marlee

Saa tano na nusu, kengele ya chakula inalia na foleni inafika mlangoni. Lorene Tackett, mwenye miaka 46, amekaa kwenye mashine ya malipo ya bwalo la shule ya sekondari, mjini kwao kusini mwa Ohio. Macho yake yako kwenye trei tu.

"Rudi ukachukue tunda, baba."

"Bi Lorene! Nina piza vipande viwili na maziwa!"

"Hata ungebeba piza nzima. Bila tunda wala mboga huo si mlo. Haya, nenda, unazuia wenzako."

Kijana anarudi akinung'unika.

Kazi hii Lorene ameifanya miaka kumi na mmoja, sasa kwa dola kumi na nne kwa saa. Hakujua kwamba hiyo kanuni ya trei ingekuja kumgusa binti yake, Marlee, anayesoma shuleni hapohapo.

Lorene aliacha shule akiwa kidato cha pili. Mumewe, Dale, naye hakumaliza. Marlee akimaliza Mei hii, atakuwa wa kwanza nyumbani kwao. Karakana moja ya matrekta imemwahidi kazi ya kuchomelea vyuma, lakini wanataka cheti.

Shule inahesabu krediti. Ukifaulu somo la mwaka mzima unapata moja, la nusu mwaka unapata nusu. Zinatakiwa ishirini. Januari Lorene alisikia kwamba Marlee atafikisha ishirini na mbili, nyingi za ufundi na kwaya. Akaenda kununua joho la mahafali siku hiyohiyo.

Wiki mbili baadaye akaitwa na mwalimu mshauri, Bwana Pruitt. Marlee alikuwa amekosa nusu krediti ya somo la afya, ambalo ni la lazima kwa kila anayetaka cheti. Aliliacha mwaka wa kwanza ili awahi nafasi ya uchomeleaji, na mama yake akatia saini.

"Nilimjia juu yule kaka wa watu," anasema Lorene, akijifunika uso kwa aproni. "Nikamwambia, mtoto ana mbili za ziada, si uchukue hapohapo? Nilidhani ni kama hela, unatoa huku unaweka kule. Miaka yote natia saini, naona aibu kuuliza."

Kesho yake alikuwa kazini, kanuna. Akapita msichana na trei yenye baga mbili na maziwa. Lorene akamwambia arudi akachukue tunda, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe: baga ya pili haizibi pengo la tunda, wala krediti za kwaya haziwezi kuziba la somo la afya. Akacheka, halafu machozi yakamtoka.

"Bi Lorene," msichana akauliza kwa hofu, "unalia kwa sababu ya tufaha langu?"

Mchana huo alimpelekea Bwana Pruitt keki na kumwomba radhi. Wakampangia Marlee alisome somo hilo kwa kompyuta baada ya masomo. Sasa kila jioni binti anasoma bwaloni, mama akipangusa meza. Mtihani ni kesho.

"Mama, sura ya tano ni mlo kamili," Marlee anasema. "Hii umeiandika wewe."

"Basi ukiifeli usirudi nyumbani."

Joho limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni kwao, na lebo yake. Duka litalipokea likirudishwa kama lilivyonunuliwa, kwa hiyo tangu aitwe na Bwana Pruitt, Lorene hajathubutu hata kumjaribishia Marlee.

Jioni hii, nyumbani, analishusha, analipima kwa macho.

"Siku yenyewe nitakutilia tufaha mfukoni," anasema. "Upite nalo mbele ya watu wote."

"Mama, joho halina mfuko."

"Nitashona."

Marlee anaishika lebo. "Ukishalishona hawalipokei tena. Na mtihani sijaufanya."

"Najua," anasema Lorene, akivuta droo ya sindano na uzi. "Niletee mkasi, mwanangu. Tuanze na hii lebo."