Sentensi za Kigingi

Mdogo wangu, ambaye Mwenyezi Mungu alimchukua mwezi wa pili, alikuwa mpima ardhi kwa miaka ishirini na sita. Kazini walimwita Kigingi, kwa sababu ya vile vijiti alivyopigilia kwenye pembe za viwanja, na pia kwa sababu akishasimamia jambo hang'oki.

Daktari alipomwambia kwamba upasuaji wa koo ungemwondolea sauti moja kwa moja, hakulia. Aliuliza ni lini. Alhamisi ya wiki ijayo. Akarudi nyumbani, akatoa kikokotoo chake cha kazini, kile kikubwa chenye kioo cha kuchora grafu, akasema kitamsemea.

"Kwani kalamu zimeisha duniani?" nikamuuliza.

"Dada, mwandiko wangu umewahi kuusoma?"

Mwandiko wake hata yeye aliusoma kwa kubahatisha. Tena mama yetu haoni herufi ndogo, na ndiye aliyetaka kuzungumza naye kuliko sisi wote. Basi akaandika programu kwa lugha ya mashine, ile ya namba tupu ambayo kikokotoo kinaielewa bila mkalimani, ili kila kitufe kitoe sentensi moja kwa herufi kubwa.

Jumapili baada ya ibada akaniita nijaribu. Nikabonyeza kitufe cha maji, cha nne kutoka mwisho. Kioo kikaandika: NINA KIU NIMESHIBA FUNGA MLANGO MAMA NIPO, kisha mabano, nyota, na vidudu visivyo na jina.

"Muuguzi akisoma hii atakuletea nini?"

"Dawa ya wazimu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

Alihangaika siku mbili. Akabadilisha betri, wapi. Akafuta yote na kuandika upya, yakarudi yaleyale. Jumanne akahamisha sentensi, mlango ukakaa baada ya maji, nami nikawa namsomea kinachotokea kiooni. Mkia wa maneno ukabadilika.

"Sasa kiu inafuatwa na mlango," nikasema. "Kila moja inaingia kwa jirani yake."

Akaweka kalamu chini. "Hazina mpaka."

Akanieleza. Mashine huandika herufi baada ya herufi mpaka ikute sifuri. Isipoikuta, inaendelea na chochote kilicho mbele kwenye kumbukumbu yake, hata takataka. Yeye alikuwa ameweka alama mwanzo wa kila sentensi; mwisho hakuweka kitu.

"Mpima ardhi mzima," nikasema.

"Usimwambie mtu kazini."

Akaongeza sifuri kumi na nne, moja mwishoni mwa kila sentensi. Nilimwombea kwa kila moja, ingawa yeye alisema inatosha kuzihesabu.

Alhamisi akapasuliwa. Ijumaa mama akaingia wodini, akainamia kitanda. Mdogo wangu akabonyeza. MAMA NIPO. Hakikufuata kitu kingine chochote.

Mama akasoma neno la kwanza, akasoma la pili, kisha akapaza sauti hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "NAKUONA, MWANANGU! UNAUMIA?" Akaendelea hivyo saa nzima, kana kwamba kilichoondolewa ni masikio.

Mdogo wangu akavuta kikokotoo, akashughulika nacho karibu nusu saa, akiingiza namba mojamoja kwa kidole kimoja. Halafu akamgeuzia kioo: NASIKIA MAMA.

Mama akasogeza miwani yake, akasoma, akanigeukia kwa sauti ileile.

"ANASEMA ANASIKIA!"