Gorogoro Kumi na Mbili za Deni

Mwanangu, kuna siku moja ambayo mvi zote hizi hazijanisahaulisha. Nilijifungia ndani ya kibanda changu cha kazi, hapa Kitale, nikakaa sakafuni nyuma ya mashine ya kufuma sweta, nikaziba mdomo kwa leso ili nisikohoe, kwa sababu mtu anayenidai alikuwa anabisha mlango. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, mtu mzima mwenye akili zake. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi siku hizi nacheka.

"Mama Nasimiyu, mimi najua uko ndani," alisema Mama Wanjiru, aliyeniuzia uzi. "Mwisho wa mwezi nakuja na mkokoteni. Nabeba hiyo mashine."

Akaenda zake. Mashine ile ndiyo iliyowalisha watoto wangu. Ikibebwa, sikuwa na kingine cha kushika.

Wewe utauliza nilifikaje huko. Ni tamaa, mwanangu, na tamaa yangu ilivaa nguo za akili. Ulikuwa mwaka wa 2003, masomo ya msingi yalipofanywa bure. Nilikaa Tuwan, mtaa wa hapa Kitale, na kazi yangu ilikuwa kufuma sweta za shule. Nikaona watoto wanavyomiminika shuleni, wengine wakubwa kuliko walimu, nikapiga hesabu: watoto wengi, sweta nyingi. Nikakopa uzi wa rangi ya maruni gunia kwa gunia, nikakopa na pesa za kukodi kijana wa kunisaidia kufuma. Kitu kimoja sikufanya. Sikuwauliza wazazi.

Shule zilipofunguliwa muhula uliofuata, ukimtajia mzazi sweta anakuangalia kana kwamba umemtukana. "Si serikali ilisema ni bure? Sasa sweta ya pesa imetoka wapi, bana?" Watoto wakaenda darasani na mashati matupu, baridi ya Kitale ikiwatafuna, nami nikabaki nimelala juu ya magunia ya uzi. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga walikuwa wameniona mimi.

Nilidaiwa na watu wanne. Mama Wanjiru, elfu thelathini na sita. Chama chetu cha akina mama, elfu kumi na nane. Mwalimu mmoja wa Bungoma, rafiki wa marehemu mume wangu, elfu kumi na mbili. Mwenye kibanda nilichokodi, kodi ya nyuma ya elfu sita.

Badala ya kuwaendea, nilimtafuta bwana mmoja aliyekuwa na ofisi ghorofani, mwenye tai na faili nyingi, aliyesema kazi yake ni kuwatuliza wadai. Ati nimlipe elfu moja mia tano kila mwezi, yeye ataongea nao wote na hawatanisumbua tena. Nililipa miezi minne, na nakuambia nililala vizuri. Siku ile mlango ulipobishwa, nilipanda ngazi zake nikamuuliza ameongea na nani. Akafungua faili, akafunga, akafungua nyingine. Hakuwa ameongea na mtu hata mmoja. Elfu sita zangu zilikuwa zimeliwa, na madeni yote yalikuwa palepale.

Kesho yake nikaenda Ndalu kwa senge yangu Nekesa, dada ya baba. Nilimkuta anaanika mahindi kwenye turubai. Nilimweleza kila kitu nikilia. Hakunibembeleza.

"Siku ya kukopa, ulituma mtu?" akauliza.

"Hapana, senge."

"Mdomo ya kukopa ilikuwa yako. Sasa ya kuongea na wenye deni unaenda kukodisha kwa mtu ya ghorofa?"

Niliinamisha kichwa. Nilikasirika kidogo, nisikudanganye, maana ukweli wa senge ulikuwa hauna sukari. Lakini aliingia ndani akatoka na gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia mahindi sokoni, akaniuliza mwezi mbaya kabisa napata ngapi. Nikaanza kumtajia mwezi mzuri. Akanikatiza.

"Sijauliza mwezi mzuri. Hiyo haihitaji mpango."

Mwezi mbaya nilipata elfu nane. Basi akatenga rundo kubwa la mahindi upande mmoja. "Hii ni chakula, kodi ya mwezi, daftari za watoto na uzi ya kufuma. Elfu tano. Hakuna mwenye deni anagusa hapa." Nikamwambia ni aibu nile wakati nadaiwa. Akasema, "Mtu na njaa atafuma nini? Ukianguka, hao wanne wote wamekula hasara."

Zilizobaki, elfu tatu, alizipima kwa gorogoro kumi na mbili, kila moja mia mbili hamsini. Sita akaziweka za Mama Wanjiru, tatu za chama, mbili za mwalimu, moja ya mwenye kibanda. Kila mmoja kwa ukubwa wa deni lake. "Hivi ndivyo utagawa kila mwezi mpaka iishe. Mwenye kupiga kelele hapewi zaidi. Mwenye kunyamaza hapunjwi." Tukahesabu: miaka miwili kamili. Nikasema ni mingi. Senge akanijibu kuwa bandu bandu huisha gogo, kisha akanituma nirudi Kitale nianze na yule ninayemwogopa zaidi.

Nilisimama mbele ya duka la Mama Wanjiru. Nikamwambia yote, hata kwamba siku ile nilikuwa ndani.

"Elfu moja mia tano kwa mwezi?" akasema. "Si hiyo ni miaka mbili?"

"Ni miaka miwili, mama. Ukibeba mashine utaiuza labda elfu kumi, na zilizobaki hutaziona, kwa sababu sitakuwa na kazi. Ukiniachia, utapata zote."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa mwezi mmoja, leta mkokoteni. Mlango utaukuta wazi."

Aliendelea kupima uzi wa mteja mwingine, mimi nimesimama tu. Mwishowe akasema, "Kila mtu hukuja hapa kuniambia ati atalipa yote kesho. Wewe umekuja na kidogo. Haya, leta hiyo kidogo."

Mwanangu, nilitoka pale nimerefuka. Chama kilikubali kusimamisha faini ya kila mwezi ya kuchelewesha deni mradi nisikose hata mara moja. Mwalimu wa Bungoma alisema tu, "Nilidhani umehama." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi, maana mtu mwema nilikuwa nimemfanya mjinga. Mwenye kibanda ndiye aliyenitesa. Kila wiki anapiga kelele mbele ya wateja, ati mia mbili hamsini ni za kununua kuku mguu mmoja. Mwezi wa tano nilishindwa, nikamwongeza mia tano kutoka fungu la mwalimu, kwa kuwa mwalimu hapigi kelele. Usiku huo sikulala. Asubuhi nikampigia mwalimu simu kwenye kibanda cha simu, nikaungama. Mwezi uliofuata sikununua nyama, nikamrudishia. Sikurudia tena.

Na ule uzi wa maruni? Walinzi wa usiku na vijana wa boda boda za baisikeli ndio waliouokoa. Hao baridi ya alfajiri ya Kitale haiwaulizi kama serikali imesema ni bure. Niliwafumia sweta nzito zenye kola ndefu, na kabla mwaka haujaisha barabara nzima ilikuwa maruni. Miezi mizuri ilianza kuja, na kila kilichozidi nilikigawa kwa vipimo vilevile vya senge. Miaka miwili ikawa mwaka mmoja na miezi saba.

Siku ya mwisho nilimwekea Mama Wanjiru pesa zake juu ya meza. Alihesabu, akachana karatasi ya deni vipande vidogo, akasema, "Sasa chukua uzi, utalipa pole pole."

Nikatoa noti nyingine mfukoni. "Leo nanunua, mama."

Tulicheka sisi wawili mpaka wateja wakatushangaa. Nilirudi Tuwan na gunia langu kichwani, nikiimba kwa sauti sokoni, na sikujali nani ananitazama. Baadaye Mama Wanjiru alianza kuniletea wadeni wake waliokwama, akiwaambia, "Enda uulize huyu fundi vile alifanya."

Nami huwaambia ninayokuambia wewe. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nenda mwenyewe kwa anayekudai, kabla hajaja kwako. Ahidi kwa kipimo cha mwezi mbaya. Watoto wako wale kwanza, halafu gawa kwa haki, na usimlipe mtu kwa ukubwa wa sauti yake. Kidogo kinachofika kila mwezi humtuliza mdai kuliko kikubwa kinachoahidiwa kila siku.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi ya mikono na ulimi wa kweli, na kila mlango utakaobishwa nyumbani kwako uufungue ukiwa unacheka.