Kitanda Alichokikataa

Mtaani walimwita Mama Vifungo. Mtoto wa kumpa jina hakuwa naye, na ukimkuta kwenye cherehani yake hukosi kumwona amebana vifungo viwili vitatu midomoni. Alishona sare za shule, tena kwa mkono safi.

Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika kwa presha. Ya tatu ilimjia akiwa na umri wa miaka arobaini, alipokwisha kukata tamaa. Kliniki, muuguzi hakumficha: umri umesogea, presha ilishawahi kumsumbua, mwili mzito, na mama yake mzazi alikufa kwa kisukari. Hata yeye sukari ilikuwa imeanza kupanda.

"Dada, wewe ni wa kulazwa mpaka ujifungue."

"Nilale kama mgonjwa, na huku natembea na kucheka?"

Vidonge alivipokea, kitanda akakikataa. Alivimeza siku kichwa kilipomgonga; kikitulia, alivisahau. Mumewe, fundi magari, alimbembeleza mpaka akachoka.

"Mke wangu, unaniweka roho juu."

"Ishushe, bwana. Nikifa mimi, hizo suruali atakushonea nani?"

Wakacheka wote wawili.

Asubuhi moja wifi yake alipita kuchukua sketi. Alimkuta ameinamia meza, vifungo vimemwagika sakafuni.

"Wifi, mbona umezima taa?" Mama Vifungo aliuliza.

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Wifi alipiga yowe. Mume akaja mbio, mikono imejaa grisi, wakampakia kwenye gari la mteja. Njiani kifafa cha mimba kikamshika, meno yakauma ulimi. Hospitali walimpasua harakaharaka. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, amenona. Hakulia.

Mama Vifungo alipozinduka, mtoto alikuwa ameshazikwa. Mumewe alikaa pembeni ya kitanda. Wifi ndiye aliyemwambia.

Mama Vifungo aliuliza:

"Alifanana na nani?"

"Kaka mtupu. Pua ileile."

"Kwangu hakuchukua kitu?"

"Vidole, wifi. Virefu hivyohivyo."

Akageukia ukutani.

Jicho moja lilirudi vizuri. La pili linaona ukungu hadi leo, na uzi anatungiwa na wifi. Presha haikuondoka. Daktari amewaonya wasijaribu tena, na mume alipotaka kumfariji kwa kusema kwamba wako wawili, wanatosha, mke alimwomba asiseme hivyo kamwe.