Upande wa Ndani wa Mkeka

Juzi nilikwenda msibani Buganguzi, nikakaribishwa sebuleni, na kabla sijajijua nikawa nimekaa sakafuni kwenye kona, magoti nimeyabana, mgongo ukutani. Wifi yangu akaniuliza kama sivioni viti. Ungekuwepo, rafiki yangu, ungecheka. Mimi kona nazijua; miezi mingi ya utoto wangu iliishia kwenye kona ya nyumba ya Bibi, nikishona mikeka.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa kimejenga ofisi, na akina mama wakaagizwa mikeka ya kukalia siku za mikutano. Bibi ndiye alikuwa fundi wao. Alipenda kusimulia kwamba enzi za mama yake nyumba ilitandikwa nyasi tu, na mkeka ulikunjuliwa akija mgeni wa heshima. Sasa hata karani anataka mkeka! Aliyasema hayo akitafuna kahawa ya kuchemsha na kutemea maganda kiganjani.

Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kusuka majani ya ukindu aliweza kwa kupapasa, akatoa kili, zile shupatu ndefu nyembamba za kuungia mkeka, lakini kuziunganisha kwa sindano hakuweza tena. Hapo ndipo nilipohitajika mimi, niliyekuwa nimemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda shule ya bweni upande wa Kashozi. Alinikalisha upande wa ndani, penye ukuta, na mkeka ukakua kati yangu na mlango, ukaziba njia. Mkeka ambao haujaisha, alisema, haurukwi. Anayeuruka mkono wake hufa ganzi, asiweze kushona wala kuandika maisha yake yote. Kuandika! Alijua pa kunishika.

Basi nilikaa mpaka aukunje mwenyewe jioni. Vidole vilichubuka, miguu ikaingia ganzi, na nje niliwasikia wenzangu wakikimbizana migombani. Harufu ya matoke ikinijia kutoka jikoni, nilitamani kulia. Mkeka mmoja ukiisha, mwingine ulianza siku hiyo hiyo.

Jumatatu moja mwalimu wangu alikuja, akamwita Bibi kwa heshima ya kwetu.

"Waitu Bibi, shule zimeshafunguliwa. Asipofika Ijumaa, nafasi yake anapewa mwingine."

"Mkeka haujaisha, mwalimu."

"Utaisha lini?"

"Muulize mwenye sindano."

Wote wawili wakanitazama. Niliinamisha kichwa nikaendelea kushona. Hata leo nikiukumbuka ukimya wangu ule najisikia aibu.

Alhamisi mchana mvua ilishuka bila kuaga, na kahawa yote ilikuwa imeanikwa uani. Bibi alikuwa amekunja pembe ya mkeka akapita, yuko karibu nami, anapima upana kwa shubiri. Alipiga kelele, "Kahawa!" akajikusanya, akaruka mkeka kwa miguu yote miwili, akatokomea nje. Nilibaki nimeshika sindano hewani.

Aliporudi alikuwa ameloa chapachapa, ungo wa kahawa kiunoni. Akasimama upande wa mlangoni.

"Umeniona," akasema.

"Nimekuona, Bibi."

Aliweka ungo chini, akaitazama mikono yake mbele na nyuma. Nilidhani anatunga mwiko mwingine.

"Basi ruka na wewe, mwana wange."

Niliiacha sindano pale pale, nikaruka. Nilichukua sanduku langu la bati, na viatu nikavishika mkononi ili visiharibiwe na tope. Mlangoni niligeuka kuaga. Bibi alikuwa ameuvuka tena mkeka, amekaa pale pangu ukutani, viganja vyake vikipapasa huku na huko.

Nilimaliza shule, nikapata kazi Bukoba mjini. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, na katika ukoo wetu hakuna tena anayejua kusuka ukili. Hata mikindu ya kule bondeni imekatwa. Kwamba alinifungia miezi ile bado inaniuma, sitakudanganya. Lakini kuna linaloniuma zaidi. Siku ile nilipogeuka mlangoni, Bibi alikuwa akiitafuta sindano, na sindano ilikuwa pale pale kando ya goti lake. Niliiona. Niliogopa nikisema neno ataniita, nikaondoka.