Shangazi aliwatoa macho paka wangu wa katuni, sasa nimekwama

Wakuu, salaam. Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, wallahi sijaongeza wala kupunguza. Nimechoka tu na sina pa kusemea.

Mimi ni mdada wa mtaa wa Mjambere, na kazi yangu ni kudarizi.

Nilifundishwa na shangazi yangu aliyenilea, Bi Maryamu. Yeye ni fundi wa kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kofia yake moja inachukua miezi. Macho hayaoni vizuri tena lakini vidole bado vinajua njia.

Mimi kofia zilinishinda. Nilianza kudarizi katuni za zamani, zile za kwenye tivii ya chogo tulizoangalia tukiwa wadogo. Paka wenye macho makubwa, mikono ya glavu, wanakimbizana mpaka wanapasua ukuta.

Watu wa mtaani walicheka. Eti mwanamke mzima anashona paka.

Basi nikapata nafasi kwenye maonyesho ya sanaa ya kila Jumamosi, hoteli moja kule Shelly Beach, ng'ambo ya feri. Mara ya kwanza mtu kuniita msanii. Nikashona kitambaa kikubwa, paka saba kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nilijiambia hiki kikikataliwa, narudi kwenye kushona sare za shule na sisemi tena habari ya sanaa.

Kosa langu ni hili. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo nilikitundika sebuleni. Na sebuleni ndipo shangazi anaposwalia.

Alininunia wiki nzima. Siku moja akaniita, nami nikaitika, "Abee shangazi."

"Mwanangu, hizo sanamu zaniangalia nikisujudu. Kesho akhera utaambiwa uzitie roho. Utaweza?"

Nikamwambia ni katuni tu, zinaondoka Jumamosi. Akashika sindano, akaendelea na kofia yake. Wanaomjua wanajua huko si kukubali.

Jumamosi nilipotoka kuoga nikakuta ameshanikunjia kitambaa ndani ya leso, amekifunga vizuri. Nikamshukuru, mjinga mimi. Nikabeba mpaka feri, nikavuka.

Nafungua mbele ya watu, wakuu, paka wote hawana macho.

Amefumua macho yote kumi na manne. Na kwa kuwa hawezi kuacha kazi mbovu hata akiharibu, kila jicho amelitoboa kitundu na kukizungushia uzi kama cha kofia.

Nilitaka kulia. Nikampigia simu.

"Nimezitoa roho," akasema, sauti imetulia kabisa. "Sasa ni mapambo. Enda ukauze, inshallah utapata."

Nilikuwa nishaanza kukunja nirudi nyumbani, ila mwenye maonyesho akasema nitundike tu, nafasi yangu ilikuwa dirishani.

Jua la baharini likapita kwenye vile vitundu. Upepo ukavuta kitambaa. Paka wote saba wakaanza kupepesa macho.

Watoto walipiga kelele. Watu wazima wakaita wenzao. Siku nzima swali lilikuwa moja, macho haya umeyafanyaje? Sikuulizwa habari ya mikia wala glavu nilizozihangaikia mpaka shingo ikakakamaa.

Sasa kila anayeagiza anataka macho ya vitundu. Nimejaribu mwenyewe, yanatoka kama yametafunwa na panya. Nikimwomba shangazi anasema hashoni sanamu, haramu.

Kwa hiyo nikimaliza kazi naiacha karibu na mswala wake, namwambia naenda dukani. Nikirudi nakuta ameshazitoa roho, anakunywa chai. Hatulizungumzii.

Funzo nililopata: ukiishi na fundi aliyekufundisha, usimwachie kazi yako akukunjie. Na nafasi ya dirishani usiikatae.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Jana shangazi ameniambia, "Jumamosi nichukue nami nikaone hiyo kazi yako. Maana sasa haina dhambi."

Amefurahi, wakuu. Ametoa na buibui jipya. Tangu nianze mambo ya katuni hajawahi kutaka kuja.

Na nafasi yangu bado ni ile ile ya dirishani, na hajui kwamba pale paka hupepesa macho kama wako hai.

Nimwambie mapema, au nimwache akutane nao wanampepesea? Waliolelewa na shangazi wa aina hii naomba mawazo yenu, wa kunicheka pia mkaribie.