Samaki Mwenye Mama Wawili

Nilipotoka Kibaha asubuhi ile nilibeba kila kitu: wavu, spiriti, vichupa, hata mwavuli. Mkasi wa maabara niliuacha juu ya friji. Niliukumbuka nikiwa Maneromango, magoti kwenye tope la bwawa, nimemshika mkononi samaki pekee niliyempata kutwa nzima.

Bwawa lilikuwa la bibi mmoja mjane. Wanawe walitaka kulikausha walime mpunga. Nilimwahidi kwamba vinasaba vikionyesha samaki wake ni wa aina adimu inayokaribia kutoweka, nitaandika barua ili bwawa liachwe. Kwa hiyo alinikirimu kama mkwe. Alikuwa jikoni ananiandalia sato wa sokoni. Aliposikia kilio changu akaniletea mkasi uleule aliokatia mapezi ya yule sato. Niliufuta kwa leso. Mimi, ninayewafokea wanafunzi wasiochoma mkasi motoni! Nikakata kipande kidogo cha mkia, nikamrudisha samaki majini, nikaenda kula.

Majibu yalipotoka, nilisoma vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo kiumbe hurithi kwa mama yake tu. Samaki wangu alikuwa na mama wawili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angecheka. Mimi nilitangaza maajabu. Siku nne nilipita mtaani kwetu Kibaha, pale Kwa Mathias, nimetanua kifua, nikishangaa kwa nini watu hawanipishi.

Siku ya tano mwenzangu wa maabara, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Kaka, mkasi ulikuwa wa nani?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

Nilimpigia bibi simu nikiwa nimeandaa uongo wa kitaalamu, mrefu kiasi. Baada ya shikamoo uongo wote ukanitoka kichwani, nikamwambia ukweli: mkasi ulikuwa na mabaki ya sato wake, nimesoma mboga. Alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa wewe msomi, si ungeniuliza tu? Ningekwambia ni sato."

"Nitarudi kesho, bibi. Nitakata kipande kingine."

"Wanangu nimewazuia, bwawa lipo. Nimewaambia mgeni wangu hajamaliza. Lakini tangu umrudishe yule samaki, kila asubuhi naenda kumtazama. Simwoni, mwanangu."

Nilitaka kumwambia samaki hujificha, lakini sikuwa na hakika. Nikamwomba radhi. Nikasema nitakuja hata hivyo.

"Njoo," akasema. "Nitapika kisamvu."