Siku Mama Alipomtunza Mfalme

Sisi tuliokulia Kilburn, hapa London, baada ya Mapinduzi tunaijua baridi. Chumba kimoja, jiko la mafuta ya taa likinuka mpaka kwenye sare za skuli, na muhogo wa dukani kwa Mhindi wa Nairobi, mkavu kama kuni, tukiula na kushukuru. Watoto wa leo, ukizima hita dakika tano, wanataka kukuitia polisi.

Mama alikuwa akipiga pasi nguo za waimbaji katika jumba moja la opera. Baba alikuwa mpiga fidla wa taarabu kule Unguja, hadi asubuhi alipochukuliwa nyumbani na watu wenye bunduki. Hakurudi. Mama hakukaa eda, maana hakuna aliyemwambia kuwa kafa. "Mwanangu, mtu halii kwa habari asoipata," alikuwa akinambia.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja alipewa tikiti mbili za pale kazini. Ilikuwa opera ya Kitaliano, ya karne ya kumi na nane. Mfalme aliimbwa na mwanamke, tena kwa sauti nyembamba, nikacheka, Mama akanifinya. Joho la mfalme yule Mama alikuwa amelipiga pasi mwenyewe. Hadithi ilikwenda kwa maneno ya nusu kusema nusu kuimba, kinanda kikidonoadonoa nyuma yake, kisha kila kitu kinasimama na mtu mmoja anaimba lililomjaa moyoni. Mfalme akamwimbia mkewe aliyepotea, asijue yu hai au kafa. Nilimsomea Mama hayo kwenye karatasi tuliyopewa mlangoni. Mfalme akaimba sehemu ya kwanza, akageukia ya pili, halafu akairudia ile ya kwanza akiipamba, akiivuta na kuitetemesha, fidla zikimfuata.

"Lo! Si taarabu hii?" Mama akasema.

Kwetu ubeti ukikugusa hukai. Unainuka na noti mkononi, unakwenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, unamtunza kwa noti ile, na ukumbi mzima unajua kuwa maneno yale ni yako. Mama akainuka. Akaipunga noti juu, akashuka ngazi polepole, mabega yakicheza, machozi yakimtiririka. Sikuwahi kumwona akilia. Watu wakaguna. Walinzi wawili wakamshika mikono kabla hajafika mbele.

"Yule pale mwanangu," akasema, akininyooshea kidole. "Muulizeni, atakwambieni."

Mmoja akaja kuniuliza kama namjua yule mama. Macho yote yalikuwa kwangu. Kwa Kiingereza changu safi cha skuli, nikasema simjui.

Kazi aliipoteza wiki ileile. Jibu langu hakulitaja hata mara moja, mpaka nilipomzika. Lakini hakulia tena, wala hakusikiliza tena muziki wa aina yoyote.

Siku hizi nikimsemesha binti yangu Kiswahili ndani ya basi, anageukia dirishani kama mgeni. Wenzangu wa rika langu husikitika. Wanasema enzi zetu hakukuwa na mtoto wa kumkana mama yake mbele za watu.